Geji haipimi gesi iliyobaki, tumieni mizani

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie jambo linalowagharimu fedha, na mara nyingine kuwaunguza, watu wengi wanaopikia gesi. Siku hizi maduka ya vyombo na wachuuzi wa mitandaoni wanauza geji ndogo ya kufunga kati ya mtungi na regulata, yenye mshale na rangi tatu: kijani, njano na nyekundu. Mnunuzi huambiwa kwamba mshale ukiwa kwenye kijani gesi bado nyingi, ukifika njano imebaki nusu, na ukigusa nyekundu ajiandae kwenda kubadilisha mtungi. Maelezo hayo si kweli. Hayawezi kuwa kweli kwa geji yoyote ya presha, iwe rahisi au ghali, kwa sababu ya kanuni ya fizikia inayofundishwa sekondari na ambayo wauzaji wanaipuuza.

Utikise mtungi wa gesi utasikia kimiminika kinacheza ndani. Hicho ni mchanganyiko wa propani na butani, gesi mbili ambazo zikigandamizwa kiasi hugeuka kuwa kimiminika hata katika joto la kawaida la nyumbani. Juu ya kimiminika hicho kuna nafasi iliyojaa mvuke wake, na mvuke huo ndio unaopita kwenye regulata kwenda jikoni. Kila unapotoka, kimiminika huchemka kidogo na kutoa mwingine wa kufidia, mpaka presha irudi ilipokuwa. Sasa, presha ya mvuke unaokaa pamoja na kimiminika chake ndani ya chombo kilichofungwa inategemea mambo mawili tu: ni kimiminika cha aina gani, na kina joto kiasi gani. Wingi wake haumo kabisa katika hesabu. Kilo 6 za gesi na gramu 500 za gesi ile ile, katika joto lile lile, zinasukuma mshale mpaka mahali pale pale.

Tuweke tarakimu. Propani tupu kwenye nyuzi joto 20 ina presha ya takriban ba 8 (ba, au bar, ni kipimo cha presha), kwenye nyuzi 30 ba 11, na kwenye nyuzi 40 karibu ba 14, ukijumlisha ba 1 ya hewa inayotuzunguka. Butani tupu, kwa joto hilo hilo, ina ba 2, ba 3 na karibu ba 4. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hukaa katikati: ba 4 hivi kwenye nyuzi 10, ba 5 kwenye nyuzi 20, na ba 7 kwenye nyuzi 30. Kwa hiyo mtu wa Dodoma akiitazama geji yake alfajiri ya Julai, kisha akapika chai na uji, akaitazama tena saa nane mchana, ataukuta mshale umepanda ilhali gesi imepungua. Geji haikuharibika. Inasoma joto la mtungi, na kazi hiyo inaifanya vizuri.

Wapo watakaosema kwamba wameona mshale ukishuka kidogo kidogo wiki hadi wiki. Inawezekana, na sababu yake ni mchanganyiko wenyewe. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, butani kwenye nusu nyuzi chini ya sifuri; propani basi hutangulia kutoka, na kimiminika kinachobaki huzidi kuwa cha butani, ambayo presha yake ni ndogo. Lakini kushuka huko kunategemea uwiano uliowekwa kiwandani, nao hutofautiana, na mtumiaji haujui. Huwezi kukugeuza kuwa kilo.

Mshale huanza kuporomoka kwa maana inayomhusu mpishi pale tu tone la mwisho la kimiminika linapokwisha na kubaki mvuke mtupu. Wakati huo umebaki na kiasi gani? Mtungi wa kilo 6 una ujazo wa lita 14 hivi. Ukiujaza mvuke wa butani kwenye nyuzi 30 unapata gramu 100 hivi. Ukiujaza wa propani, gramu 330 hivi. Tuseme gramu 200 kwa mchanganyiko. Bana moja (kichwa cha moto cha jiko) ya wastani inayotoa kilowati 2 hutumia gramu 155 kwa saa. Maana yake geji ile inakaa kimya kwa kilo 5.8 za mwanzo, kisha inakuonya saa moja hivi kabla ya gesi kwisha. Mwali wenyewe unaonyesha hivyo bila kulipia chochote.

Hospitalini mambo ni tofauti, na tofauti hiyo inaifafanua kanuni vizuri. Mtungi wa oksijeni una gesi tupu iliyoshindiliwa; oksijeni haiwezi kuwa kimiminika mpaka ipozwe chini ya nyuzi 118 chini ya sifuri, hivyo ndani ya mtungi wa wodini hakuna kimiminika kinachofidia. Hapo kanuni ya Robert Boyle ya mwaka 1662 inatawala: gesi ikipungua nusu, presha nayo inapungua nusu. Mtungi wa lita 10 wenye ba 150 una takriban lita 1,500 za oksijeni. Mshale ukisoma 75, zimebaki 750. Muuguzi anayesoma geji ya oksijeni anasoma kiasi kweli. Kinyume chake, mtungi wa kuzimia moto wa kaboni dayoksaidi, ambao ndani yake gesi imekuwa kimiminika, hauna geji kabisa, na mkaguzi huuweka kwenye mizani. Mtungi wa jikoni uko kundi hili la pili.

Nisiinyime geji haki yake. Ina kazi moja ya maana: kugundua uvujaji. Funga bana zote za jiko, fungua valvu ya mtungi mshale upande, kisha funga valvu na uutazame mshale kwa dakika 10. Ukishuka, kuna mahali panavuja kati ya valvu na jiko. Wanaoiuza wangeitangaza kwa kazi hiyo, nisingeandika barua hii.

Gesi inauzwa kwa kilo, basi ipimwe kwa kilo. Kwenye shingo au pete ya juu ya kila mtungi kumepigwa mhuri wa uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi mbele ya herufi T.W. Tuseme mhuri unasoma 7.4. Mtungi wa kilo 6 uliojazwa sawasawa utasoma 13.4 kwenye mizani. Ukisoma 12.6, umepunjwa gramu 800, hata kama lakiri ya plastiki mdomoni iko salama. Pima mtungi peke yake, bila regulata wala mpira, na usichukue uzito wa mtungi mtupu wa jirani ukadhani ni sawa na wako. Mitungi ya kampuni moja hupishana kwa mamia ya gramu, na ya kampuni mbalimbali hupishana zaidi. Muuzaji akisema mizani imeharibika, nenda duka la pili. Nyumbani, mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mabegi ya safari au ya wauza samaki, inatosha kwa mtungi wa kilo 6. Kwa ule wa kilo 15, au kilo 13 kwa ndugu zetu wa Kenya, tumia mizani ya kusimama.

Kwa asiye na mizani ipo njia ya kukisia. Mimina maji ya uvuguvugu ubavuni mwa mtungi, subiri kidogo, kisha pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Sehemu yenye mvuke itabaki na joto. Sehemu yenye kimiminika itakuwa ya baridi, maana kimiminika hunyonya joto la chuma haraka. Mpaka wa joto na baridi ndio usawa wa gesi yako. Huko Pwani, Mombasa na Unguja, penye unyevu mwingi hewani, mpaka huo hujichora wenyewe kwa umande mpishi anapopika kwa moto mkubwa.

Umande huo unaleta suala linalowasumbua mama lishe na wapishi wa shule. Tangu Januari 31, 2024, taasisi za Tanzania zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zimezuiwa kutumia kuni na mkaa, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Ni hatua njema, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini wapishi wengi wamehamia kwenye gesi na majiko makubwa huku wakiwa na mitungi midogo, na malalamiko ni yale yale: moto unaanza vizuri, baada ya nusu saa unanyong'onyea, mtungi unatoa jasho na hata barafu, anaitwa muuzaji, anashutumiwa kwamba amejaza maji.

Hakuna maji. Kimiminika hakigeuki kuwa mvuke bure; Joseph Black alilionyesha hilo huko Glasgow katika miaka ya 1760. Kila kilo ya gesi inayochemka ndani ya mtungi inadai takriban kilojuli 370 za joto, na joto hilo hutoka kwenye kimiminika chenyewe, kwenye chuma cha mtungi na kwenye hewa ya nje. Chukua bana ya kilowati 10 iliyofungwa kwenye mtungi wa kilo 6 uliobaki nusu. Inakula gramu 780 kwa saa, na kuzigeuza kuwa mvuke kunahitaji kilojuli 290 hivi. Kilo 3 za kimiminika na kilo 7 za chuma, kwa pamoja, hupoteza nyuzi 1 kwa kila kilojuli 11 zinazotolewa. Kama hewa ya nje isingesaidia, mtungi ungepoa kwa nyuzi 26 ndani ya saa moja. Hewa husaidia, lakini kwa kasi yake, na eneo la mtungi mdogo ni dogo. Baridi inashusha presha, na ikishuka sana regulata inakosa cha kupeleka jikoni. Kadiri mtungi unavyokaribia kwisha ndivyo tatizo linavyozidi, kwa kuwa kimiminika kimepungua na kilichobaki ni butani zaidi.

Dawa yake ni mtungi mkubwa zaidi, au mitungi miwili iliyounganishwa na fundi kwenye bomba moja ili kila mmoja utoe nusu ya mzigo. Mtungi ukae mahali penye hewa inayopita. Usiufunike gunia, wala usiuingize kwenye kabati.

Na msimu wa baridi je? Makete, Njombe, na ule uwanda wa Kitulo ambako Juni na Julai sakitu hutanda asubuhi, butani inaweza kudhoofika sana. Kwenye nyuzi sifuri presha yake karibu inalingana na ya hewa ya usawa wa bahari, na hata huku milimani inaizidi hewa ya nje kwa kiasi kidogo tu, kwa hiyo nguvu yake ya kuingia kwenye regulata ni ndogo. Mtu anadhani gesi imekwisha, anarudisha mtungi dukani ukiwa bado na kilo nzima ndani. Mizani ingemwambia. Aulete mtungi mahali penye uvuguvugu mapema, au asubiri jua lichomoze, gesi itarudi.

Ninachoomba wasomaji wasifanye ni kuupasha moto. Wengine huuweka karibu na jiko la mkaa, wengine huumwagia maji yanayochemka. Maji ya nyuzi 100 yakigusa mtungi, sehemu ya chuma hupata joto ambalo presha ya propani yake inapita ba 30. Kilichotengenezwa kuhimili joto la jua la kitropiki si lazima kihimili hilo, hasa mtungi wenye kutu chini, penye unyevu wa sakafu. Kuulaza mtungi au kuupindua ili "uishe wote" nako ni hatari ya namna nyingine. Mtungi ukilala, valvu inatoa kimiminika badala ya mvuke, na lita moja ya kimiminika inapanuka kuwa lita 245 hadi 280 za gesi. Regulata iliyoundwa kushusha ba kadhaa za mvuke hadi miliba 30 (miliba 1,000 ni ba 1) haina uwezo huo. Mwali unaweza kuruka mpaka darini.

Hapa nifike kwenye jambo linalonikera kuliko yote: kuhamisha gesi kienyeji kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo. Kimiminika cha propani hupanuka sana kikipata joto. Lita moja kwenye nyuzi 20 inakuwa lita 1.07 kwenye nyuzi 40. Butani inakuwa 1.04. Ndiyo maana kiwandani mtungi hujazwa kimiminika kwa takriban asilimia 80 hadi 85 tu ya ujazo wake, na iliyobaki huachwa iwe nafasi ya mvuke. Nafasi hiyo ndiyo kinga. Ikiwepo, presha inafuata kanuni ya mvuke na inabaki kwenye tarakimu nilizozitaja. Mtungi ukishindiliwa hadi juu, hakuna tena mvuke wa kubonyea. Kimiminika kinasukuma chuma moja kwa moja, na kila nyuzi moja ya joto inaongeza ba kadhaa. Mtungi uliojazwa pomoni asubuhi yenye ubaridi unaweza kufikia kikomo chake juani kabla ya adhuhuri.

Anayehamisha gesi uchochoroni hana mizani, hajui asilimia 85 iko wapi. Tena kimiminika hakihami bila tofauti ya presha, kwa hiyo huwa anaupasha joto mtungi mkubwa, au anaufungua mdogo upumue ili upoe. Gesi inayopumuliwa inatambaa chini kwenda kwa jirani anayekaanga chapati. Usiku wa Februari 1, 2024, mlipuko wa gesi katika eneo la Embakasi jijini Nairobi uliua watu na kujeruhi mamia, kwenye kituo ambacho mamlaka ya nishati ya Kenya ilisema ilikuwa imekinyima kibali. Wakaguzi wetu wasingoje tukio la aina hiyo huku kwetu.

Nimesema gesi inatambaa chini, na hilo nalo lina hesabu yake. Amedeo Avogadro alieleza mwaka 1811 kwamba gesi zenye ujazo, joto na presha sawa zina idadi sawa ya molekuli. Kwa hiyo uzito wa molekuli moja moja unatosha kutuambia ipi itazama. Hewa ina wastani wa 29, propani 44, butani 58. Gesi ya mtungi ni nzito mara moja na nusu hadi mara mbili kuliko hewa, na ikivuja inalala sakafuni, inaingia chini ya kabati na kwenye mifereji. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Tundu la hewa liwe usawa wa sakafu, mlango uwe na upenyo chini. Wakazi wa Dar es Salaam na Mtwara wanaotumia gesi asilia ya bomba wakumbuke kwamba yao ni metani, yenye uzito wa 16, nayo hupanda darini. Kwao matundu ya juu ndiyo ya maana. Ushauri wa mmoja haumfai mwenzake, na magazeti yamekuwa yakiuchanganya.

Gesi ya mtungi huwaka ikiwa ni kati ya asilimia 2 na 10 ya hewa. Chumba cha mita 3 kwa 3 kina mita za ujazo 1.8 za hewa katika sentimita 20 za chini. Asilimia 2 ya hapo ni lita 36 za gesi, yaani gramu 70 hivi, kimiminika kisichozidi nusu kikombe. Gramu 70 zinaweza kuvuja usiku mmoja kupitia mpira uliopasuka kidogo. Propani na butani hazina harufu. Ile tunayoinusa ni ya kemikali ya salfa inayotiwa makusudi, na kwa kuwa gesi iko chini, aliyesimama anaweza asiinuse wakati mtoto aliyelala mkekani ameshaivuta.

Ukisikia harufu: funga valvu, fungua milango na madirisha, toa watu nje. Usiwashe wala usizime taa, feni au kitu chochote cha umeme, maana cheche hutokea swichi inapounga na inapoachia. Kutafuta uvujaji ni kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kibiriti. Paka povu kwenye valvu, kwenye maungio ya regulata na urefu wote wa mpira. Panapovuja patatoa mapovu. Wahalifu wa kawaida ni kipete cha mpira ndani ya mdomo wa valvu kilichokauka, kibano cha mpira kilicholegea, na mpira wa maji uliotumika badala ya mpira wa gesi. Huo wa mwisho huliwa na propani kidogo kidogo, hukakamaa na kupasuka karibu na kibano, mahali usipoangalia. Mpira halali una maandishi ubavuni yanayotaja gesi na mwaka wa kutengenezwa. Na moto ukiwaka mdomoni mwa mtungi, funika valvu na mkono wako kwa kitambaa kilicholowa maji, ufunge. Usipoweza kufunga, usiuzime mwali. Gesi inayowaka ni salama kuliko gesi inayojikusanya bila kuwaka. Ondokeni na mpige 114, Zimamoto.

Kuhusu mwali sina mengi. Antoine Lavoisier aliandika huko Paris mwaka 1789 kwamba katika mabadiliko ya kemia uzito wa vitu haupotei, na jiko lako linamtii. Kilo 1 ya propani huungana na kilo 3.64 za oksijeni na kutoa kilo 3 za kaboni dayoksaidi pamoja na kilo 1.64 za maji. Maji hayo ndiyo yanayoonekana kama jasho chini ya sufuria baridi dakika ya kwanza ya kuwasha moto, sufuria haivuji. Oksijeni hiyo nayo inatoka katika mita za ujazo 13 hivi za hewa, zaidi ya nusu ya hewa ya kile chumba cha mita 3 kwa 3. Mwali wa bluu unaonyesha kwamba hewa inatosha. Wa njano, unaopaka masizi, unaonyesha kwamba haitoshi, na hapo kaboni monoksaidi huanza kutoka, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua. Safisha matundu ya bana kwa brashi, ondoa utando wa buibui kwenye njia ya hewa, na usiutanue ule mdomo mwembamba wa kupitisha gesi kwa sindano. Ukitanuka hata kidogo, gesi huzidi hewa, na hakuna wa kuurudisha ulivyokuwa.

Ukishaijua kilo, unaweza kuijua na kazi yake. Kilo moja ya gesi ina megajuli 46, na jiko la kawaida hufikisha kama nusu yake kwenye sufuria. Kuchemsha lita 1 ya maji kutoka nyuzi 25 kunakula gramu 14. Lakini kuikausha lita hiyo hiyo iwe mvuke kunakula karibu gramu 100, mara saba. Maharage yanayotokota kwa moto mkubwa bila kifuniko hayaivi haraka zaidi, kwa kuwa maji yakishachemka joto lake halipandi tena; unachonunua ni mvuke. Yaloweke usiku, yakichemka shusha moto mpaka uso wa maji utikisike kidogo tu, na ufunike. Njombe, ambako maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi kwa sababu ya mwinuko, sufuria ya presha inarudisha gharama yake upesi kuliko Tanga.

Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza, matangazo ya geji hizo yakiletwa kwako, yatakeni yaondoe neno "kiasi". La pili ni kwa wakuu wa shule na wenye vibanda vya chakula: wekeni mizani jikoni na daftari pembeni yake. Pimeni mtungi jioni baada ya kufunga valvu ya jiko, ya mtungi ikiwa wazi na watu wakiwa macho, kisha pimeni tena baada ya saa mbili, regulata na mpira vikiwa vile vile mara zote mbili, kwa kuwa hapa mnalinganisha tu. Mizani inayosoma gramu 50 itaonyesha uvujaji mkubwa hata kama pua haijaunusa; ule mdogo haitauona, huo ni wa kutafutwa kwa povu. Uzito ukiwa umepungua, fungeni mtungi, utoeni nje, na tafuteni kwa povu kabla mtu hajawasha chochote.

Mwalimu wa Fizikia na Kemia,
Njombe